Ghorofa ya Pili Mkomani: Uchambuzi wa Ombi Moja la Ujenzi

Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu, nyumba za mawe zimeshikana ukuta kwa ukuta. Ukigongea msumari kwako, jirani anasikia. Kwa hiyo mtu akiomba kuongeza ghorofa, ombi hilo linawagusa na waliomzunguka, atake asitake. Kisa ninachokichambua hapa nimekishona mwenyewe kutokana na mambo yanayojirudia katika mitaa hiyo. Hakimhusu mwenye nyumba fulani wala afisa fulani. Sheria, miaka na taratibu nilizozitaja ndizo zilizopo.

Nyumba yenyewe ni ya urithi. Ina chini na ghorofa moja, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, daka mlangoni, yaani kibaraza cha kukalia wageni, na kiwanda katikati, yaani ule ua wa ndani ulio wazi juu. Vyumba vyake ni vyembamba na virefu, kwa sababu upana wa chumba cha Kiamu, yaani cha Lamu, huamuliwa na boriti za mkoko zinazobeba dari, na boriti hazivuki sana mita mbili na nusu hadi tatu. Warithi ni wanne. Mmoja wao, anayefanya kazi Mombasa, alitaka kujenga ghorofa ya pili yenye vyumba vitatu na bafu zake, na juu kabisa pawe na baraza la kupungia upepo lenye paa la makuti. Sakafu ya zege, kuta za matofali ya saruji. Nia yake ilijulikana mtaani kabla hata fundi hajaitwa: apangishe wageni.

Upande wa kusini anaishi bibi mjane pamoja na binti zake na wajukuu. Kiwanda chake ndicho jiko, ndipo nguo zinapofuliwa na kuanikwa, ndipo watoto wanaposomeshwa, na ndipo mahali pekee ndani ya nyumba ile ambapo mwanamke anaweza kukaa kichwa wazi akapata jua na upepo. Katika ramani ya ghorofa mpya, madirisha manne yalichorwa ukuta wa kusini.

Mwenye ombi hakuwa mtu mbaya. Nyumba ya mawe ni ghali kuitunza. Chokaa hutaka kupakwa upya, boriti huliwa na mchwa, na mvua ya masika ikikuta paa limepasuka haingoji mtu apate mshahara. Wengi waliobaki na nyumba za wazee wao wameziuza kwa wageni kwa sababu hiyohiyo, na mimi afadhali niione nyumba ya Mwamu imeongezwa ghorofa kuliko kuiona imetoka mikononi mwake. Nalisema hili mapema kwa sababu mabishano ya ujenzi Lamu huwa yanaanza kwa kumtafuta mbaya ni nani, na muda wa kuandika pingamizi unapita watu wangali katika hilo.

Walikokwenda kwanza

Bibi alipoona punda wanapita na mifuko ya saruji wakishusha kwenye daka la jirani, alimtuma mwanawe kwa mzee wa mtaa. Mzee akawaita pande mbili, kahawa ikanywewa, mwenye nyumba akaahidi kwa simu kwamba "tutaelewana." Kisha wakaenda kwa imamu, naye akawasomea hadithi ya Mtume isemayo hakuna kudhuru wala kudhuriana. Wakaenda kwa chifu, akawaandikia kijibarua. Mwisho wakauliza kama kadhi anaweza kuzuia ujenzi.

Hakuna hata mmoja kati ya hao mwenye mamlaka juu ya kibali cha ujenzi. Mahakama ya kadhi, kwa mujibu wa kifungu cha 170 cha Katiba, husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake. Dirisha halimo. Chifu ni mtumishi wa serikali ya kitaifa, na mipango ya ardhi ni kazi ya kaunti. Mzee na imamu wana heshima, na heshima hiyo ina thamani kubwa katika kupatanisha, lakini haisimamishi fundi aliyelipwa.

Mwenye kuamua ni kaunti. Zamani kazi hii ilikuwa ya baraza la kaunti ya Lamu, likishauriwa na ofisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Kitaifa iliyofunguliwa hapa mwaka 1986, na tangu 1991 pakawa na tume ya mipango ya kusimamia eneo la uhifadhi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliwapa serikali za kaunti mipango na maendeleo, na serikali hizo zikaanza kazi mwaka 2013. Kisha ikaja Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, ambayo inasema waziwazi kwamba hakuna mtu wa kuendeleza ardhi bila kibali kutoka kwa waziri wa kaunti anayehusika na mipango. Anayeanza bila kibali anatenda kosa: faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa vitendo, faili husomwa na mpangaji wa kaunti pamoja na wataalamu wenzake, wakaandika mapendekezo, na waziri ndiye anayeweka sahihi.

Kwa hiyo safari nne za kwanza za familia ya bibi zilikula wiki kadhaa. Nazihesabu kuwa hasara kwa sababu moja tu: saa ya sheria ilikuwa imeshaanza kugonga.

Siku sitini

Sheria hiyo ya 2019 ina kipengele ambacho wakazi wengi hawakijui, nacho kina nguvu kuliko vingi vingine. Mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali kinahesabika kimetolewa. Kipengele hiki kiliwekwa ili ofisi zisikalie mafaili ya watu, na mtu yeyote aliyewahi kungoja sahihi anaelewa kwa nini. Lakini kwa jirani anayepinga, maana yake ni kwamba kunyamaza kwa ofisi kunafanya kazi ya kukubali. Ukipoteza wiki sita kwa mzee wa mtaa na imamu, umebakiwa na siku za kuhesabu.

Hapa niongeze jambo moja. Kibali kinachopatikana kwa kimya ni kibali chini ya sheria hiyo tu. Mji wa kale wa Lamu uko pia chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006, na tangu 2001 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kimya cha ofisi ya mipango hakimwondolei mtu wajibu wa kupata ridhaa ya watu wa turathi. Nimesikia mafundi wakisema "siku sitini zimepita, mambo yameisha." Hayajaisha.

Ndani ya faili

Familia ilipofika ofisini hatimaye, binti mkubwa wa bibi aliomba kuona ombi. Alikuwa na haki hiyo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa serikali.

Ndani ya faili mlikuwa na fomu ya ombi, stakabadhi ya ada, ramani zilizochorwa na mtaalamu aliyesajiliwa, maelezo mafupi ya mradi, na hati ya zamani ya nyumba. Tuanze na hati. Ilikuwa kwa jina la baba, ambaye amefariki. Fomu ilitiwa sahihi na mwana mmoja. Dada yao aliyeolewa Langoni, upande wa kusini wa mji wa kale, hakuwa na habari kwamba nyumba yake na ndugu zake inaombewa ghorofa. Hapa ndipo kadhi alipokuwa na nafasi, tena kubwa, ila kwa swali jingine kabisa: nani ni warithi na kila mmoja ana fungu gani. Bila hati hiyo ya mirathi, ofisi haikuweza kujua kama anayeomba ana haki ya kuomba. Mpangaji aliandika barua ya kurudisha faili likamilishwe, na barua hiyo, kwa kuwa ni jibu la maandishi, ikavunja kile kimya cha siku 60. Bibi alipata pumzi kwa sababu ya urithi wa watu wengine, wala si kwa pingamizi lake.

Ramani ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Ilikuwa safi, vipimo vyote vimo, ngazi imechorwa vizuri, hata mimea kwenye baraza la juu imechorwa. Lakini upande wa kusini, mahali penye nyumba ya bibi, palikuwa na mstatili mtupu ulioandikwa "jirani." Hakuna kiwanda, hakuna kina chake, hakuna mstari wa kuonyesha mtu aliyesimama dirishani ataona nini. Mchoro wa kukata nyumba kwa wima, ule unaoonyesha urefu wa kila ghorofa, ulikoma kwenye ukuta wa mwenye ombi kana kwamba ng'ambo ya ukuta ule ni bahari. Mtu aliye mezani, mbali na Mkomani, angesoma ramani ile asione tatizo lolote. Madirisha manne upande wa kusini, hewa nzuri, mwanga wa kutosha. Katika mji wowote mwingine huo ungekuwa uchoraji mwema.

Maelezo ya mradi nayo yalisema "makazi ya familia." Vyumba vitatu, kila kimoja na bafu lake na mlango wake wa kutokea kwenye ngazi ya nje. Nitalirudia hili.

Notisi

Sheria inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake na kuwaalika watu watoe pingamizi zao. Tangazo lilikuwepo. Karatasi moja, kwa Kiingereza, imebandikwa kwenye mlango wa nyumba ya mwenye ombi, ndani ya daka.

Mtu anayeujua mji huu ataona kasoro papo hapo. Bibi hapiti mbele ya mlango ule. Njia yake ya kwenda kwa dada yake ni ya nyuma, chini ya wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili. Katika mitaa hii wanawake wana njia zao na saa zao, na mlango wa daka la nyumba yenye wanaume wageni si mahali pa mwanamke kusimama kusoma karatasi. Tena bibi anasoma Kiarabu na Kiswahili. Tangazo lilitimiza maneno ya sheria, lakini mtu aliyeathirika kuliko wote hakupata habari.

Lamu ina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kule Kwasasi. Wakazi walikwenda kwenye jopo la kitaifa la kusikiliza rufaa za mazingira (National Environment Tribunal), na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanyika, lakini watu hawakupewa taarifa ya kutosha ya athari za mradi ili waweze kutoa maoni ya maana. Kiwanda cha makaa na madirisha manne havilingani kwa ukubwa, hilo ni wazi. Swali ni lilelile: je, aliyeathirika alijua, alijua kwa lugha anayoielewa, na alijua mapema kiasi cha kufanya kitu? Kifungu cha 10 cha Katiba kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala, na hakikusema ni kwa miradi mikubwa peke yake.

Barua mbili

Barua ya kwanza ya pingamizi iliandikwa usiku, kwa uchungu. Ilisema kwamba familia ile imesahau ujirani wa miaka, kwamba marehemu baba yao asingekubali, kwamba kijana ameharibiwa na pesa za Mombasa, kwamba wageni wataleta ulevi, kwamba thamani ya nyumba ya bibi itashuka, na kwamba mtaa mzima umekasirika. Kila neno lilikuwa la kweli kwa aliyeliandika. Na karibu yote hayo ofisi haina namna ya kuyatumia.

Hili ndilo ningependa kila jirani alijue kabla ya kushika kalamu. Waziri hapimi nani ni jirani mwema. Sheria inamfunga kwa mipango iliyoidhinishwa ya eneo, na inamtaka azingatie maoni ya mamlaka nyingine na ustawi wa jamii inayohusika. Ofisi hupeleka nakala za ombi kwa mamlaka hizo ndani ya siku 7, nazo zina siku 14 za kujibu: barabara, maji, afya, mazingira, na hapa kwetu, Makavazi. Pingamizi lenye nguvu ni lile linalozungumza lugha ya vitu hivyo. Hasira ya mtaa mzima haimo, hata ikiwa na sahihi mia.

Barua ya pili ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Ilisema mambo matano, na mawili kati ya hayo ndiyo yaliyobeba kesi.

La kwanza ni sitara. Wengi hudhani sitara ni jambo la dini na mila, la kuzungumzwa msikitini, na kwamba ofisi ya serikali haina masikio ya kulisikia. Naamini hapo tunajikosesha haki wenyewe. Nyumba ya Kiamu imechorwa kwa sitara tangu msingi. Daka linamweka mgeni nje. Mlango unaingia kwa kona, mtu wa njiani asione ndani. Misana, vile vyumba virefu vya ndani, inaelekea kiwandani na kuta za nje karibu hazina madirisha kabisa. Nyumba nzima inapumulia kwenye ule ua mmoja, kwa sababu imejinyima kupumulia njiani. Ukifungua dirisha la kutazama chini kiwandani, umemwibia mwenzako chumba kikubwa kuliko vyote ndani ya nyumba yake, kwa kuwa atalazimika kukiezeka, na akikiezeka vyumba vyote vinavyokizunguka vinakosa hewa na mwanga. Hiyo ni hoja ya ujenzi na ya afya ya makazi. Na kwa kuwa mpangilio huohuo wa nyumba ni sehemu ya sababu mji huu uliorodheshwa Urithi wa Dunia, ni hoja ya turathi pia. Bibi aliisema kwa maneno machache kuliko mimi, na mwanawe akayaandika kama alivyoyatamka: "Sikatai ajenge. Lakini mato (macho) yake yasingie kiwandani mwangu."

La pili ni ukuta. Ukuta kati ya nyumba hizi mbili ni mmoja, na umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Umebeba ghorofa moja yenye dari la boriti. Sasa ungebebeshwa sakafu ya zege na matofali ya saruji. Chokaa ni laini na inapitisha unyevu. Saruji ni ngumu na inauzuia. Ukipaka saruji juu ya ukuta wa chokaa karibu na bahari, unyevu wenye chumvi unabaki ndani na kuula ukuta polepole, na anayeona plasta ikibambuka kwanza anaweza kuwa ni yule wa upande wa pili ambaye hakujenga kitu. Ramani haikuwa na hesabu yoyote ya mhandisi kuhusu uzito juu ya ukuta wa zamani.

Matatu yaliyobaki yalipitiwa haraka: makuti juu ya mtaa ambao gari la zimamoto haliwezi kuingia, maji machafu ya bafu tatu zaidi katika kisiwa ambacho maji yake ya kunywa hutoka kwenye mchanga wa Shela, na ile ngazi ya nje, ambayo ingekula kichochoro mahali ambapo punda mwenye mzigo na mtu tayari hawapishani.

Juu ya paa

Maoni ya watu wa turathi yalikuja, nayo yalitaka mambo mawili: kimo cha jengo kisipite nyumba zinazolizunguka, na ujenzi mpya utumie vifaa vinavyopatana na vya zamani. Tangu 1986 kuna mpango wa uhifadhi wa mji wa kale, uliokusudiwa kusawazisha haja ya wenyeji ya kuendeleza nyumba zao na wajibu wa kuulinda mji. Mpango huo haukatazi watu kujenga. Wanaoulaumu kwa kila kibali kilichokataliwa wangeusoma kwanza.

Lakini nionavyo mimi, uamuzi ulifanyika juu ya paa. Maafisa walikwenda Mkomani, wakapanda hadi kwenye paa la sasa la mwenye ombi. Mmoja akachukua ubao, akaunyanyua hadi kimo ambacho kizingiti cha dirisha jipya kingefika kwa mujibu wa ramani, mwenzake akapanda kwenye kiti na kutazama kutoka hapo. Chini, bila kizuizi chochote, alikiona kiwanda chote: kamba yenye kanga mbili za mvua, mbuzi ya kukunia nazi imeegemezwa ukutani, na mtoto wa kike akiandika kwenye daftari kifudifudi juu ya mkeka. Mtoto akainua kichwa na kukimbilia ndani. Afisa akashuka kwenye kiti. Ule mstatili mtupu wa kwenye ramani ulipata maelezo yake.

Ziara ya namna hii si lazima kwa kila ombi, na ofisi yenye maombi mengi na watu wachache haiwezi kupanda kila paa. Ndiyo maana nasisitiza barua ya pili. Kilichowafanya waende ni kwamba barua ilitaja kitu kinachoweza kupimwa: dirisha la upande gani, kimo gani, linatazama nini.

Uamuzi

Ombi halikukataliwa. Lilikubaliwa kwa masharti, na masharti yalikuwa haya kwa ufupi. Warithi wote watie sahihi. Ukuta wa kusini usiwe na dirisha lolote la kutazama nje chini ya kimo cha kichwa cha mtu; tundu za hewa za juu ziruhusiwe. Baraza la juu liwe na ukuta wa kusini wa kumzidi mtu kimo. Mhandisi alete hesabu ya uzito, na sakafu iwe ya boriti na chokaa, au iwe nyepesi kuliko zege iliyochorwa. Ngazi iwe ndani. Paa la makuti lipunguzwe na kimo cha jumla kishuke.

Uamuzi huu ni mzuri, na sababu zake ziliandikwa, jambo ambalo sheria inalidai na ambalo kila mwombaji na kila mpingaji anapaswa kulidai pia. Mwenye nyumba alipoteza mandhari ya kusini akabakia na ya mashariki, ya bahari, ambayo wageni wake wangeitaka zaidi. Gharama ya boriti na chokaa ikapanda, kwani mafundi wanaoijua kazi hiyo vizuri hawajai mji, lakini ukuta wa watu wawili haukuwekwa rehani kwa mradi wa mmoja.

Ninapotofautiana na uamuzi huu ni kwenye matumizi. Faili lilisema makazi ya familia. Mtaa wote ulijua ni nyumba ya wageni. Na masharti hayakusema neno. Kubadilisha matumizi ya jengo ni uendelezaji unaohitaji kibali chake, sawasawa na kujenga. Kama ofisi iliona vyumba vitatu vyenye bafu na milango yake, ingeuliza, ikaandika jibu. Nyumba ya wageni si dhambi, tena inalisha watu wengi Lamu. Ila ina maji mengi zaidi, taka nyingi zaidi, na watu wasiojulikana wakipanda ngazi usiku, na hayo yote yanapimwa tofauti na familia iliyoongezeka. Kukaa kimya kwa sasa kunamaanisha kwamba ugomvi wa pili umeahirishwa hadi mgeni wa kwanza atakapofika na begi lake.

Asiyeridhika, awe mwombaji au mtu mwingine mwenye maslahi, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango, na kutoka hapo anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mwana wa Mombasa alitaka kukata rufaa kwa sababu ya gharama ya sakafu. Dada yake wa Langoni, ambaye sasa sahihi yake ilihitajika, alikataa. Bibi naye alishauriwa akate rufaa juu ya matumizi. Alisema ameridhika na ukuta.

Kinachobaki sasa ni utekelezaji, na huu hauandikwi kwenye barua ya kibali. Masharti yanakaa kwenye faili. Fundi yuko juu ya jukwaa. Kwa hiyo familia ya bibi iliomba nakala ya barua ya uamuzi na ya ramani iliyorekebishwa, wakazipata, na mwanawe akaenda kumwonyesha fundi mkuu ule ukurasa wa upande wa kusini kabla tofali la kwanza halijawekwa. Fundi hakuwa ameuona. Alikuwa akifanya kazi kwa ramani ya zamani, ile yenye madirisha manne.

Kaunti inaweza kurekebisha mawili bila kungoja sheria mpya. Tangazo la ombi katika mji wa kale liandikwe kwa Kiswahili na lipelekwe mkononi kwa kila nyumba inayoshiriki ukuta na mwombaji, aliyelipokea akatia sahihi. Na hakuna ramani ya Mkomani au Langoni ipokelewe kaunta ikiwa haionyeshi viwanda vya majirani na mstari wa jicho kutoka kila dirisha jipya. Mchoraji atahitaji asubuhi moja zaidi ya kubisha hodi mlango wa pili na kuomba ruhusa ya kupima.